Mkwaruzo Uliojirudia

Kisa hiki nimekitunga. Watu wake ni wa kubuni, ndiyo sababu hawana majina. Lakini Murera kinakotokea, hapa Kenya, ipo, sheria nitakazozitaja zipo, na ufundi ulioleta balaa unafanywa kila siku katika vibanda vya saiba kuanzia Ruiru hadi Thika.

Kijana mmoja alikodi chumba cha mabati kando ya barabara, huko Murera, akaweka kompyuta ya mitumba, printa, skana na kitambaa cheupe ukutani. Alipiga picha za pasipoti, akajazia watu fomu za KRA na HELB, akachapisha vitabu vya mazishi. Kazi hiyo ya mwisho ndiyo iliyolipa kodi ya chumba, maana maiti hangoji na familia haibishani bei siku ya msiba.

Usiku, wateja wakiisha, alijifundisha kuzeesha picha. Anayejua programu za kuhariri picha atanielewa upesi. Asiyejua naye hatapata shida. Picha haichorwi juu kwa juu. Unaipandisha tabaka juu ya tabaka, vijana huziita leya, na kila tabaka unaweza kulififisha, kulizima au kulitupa bila kuumiza lililo chini yake. Photoshop ilitoka mwaka 1990 bila uwezo huo. Matabaka yaliingia mwaka 1994, katika toleo la tatu, na siku hizi hata programu za bure za simu zinayo.

Basi kijana wetu aliweka chini picha yenyewe, akaiondolea rangi. Juu yake akapitisha tabaka la kahawia. Akaongeza chengachenga, akatia giza pembeni ili macho yavutwe katikati, akalaza picha ya karatasi iliyokunjwakunjwa, akaifanya hafifu hadi makunyanzi yakaonekana ni ya karatasi ya picha yenyewe. Tabaka la mwisho lilikuwa la mikwaruzo. Hilo hakulitengeneza yeye. Alilipakua bure mtandaoni: mikwaruzo myeupe juu ya weusi mtupu. Ukiilaza juu ya picha na kuiamuru programu ipitishe mwanga peke yake, weusi wote hutoweka, mikwaruzo ikabaki. Mmoja ulikuwa mrefu kuliko yote. Ulianzia juu kushoto, ukashuka mshazari, ukagawanyika karibu na katikati, na tawi moja likaishia chini kulia kwenye kidoa.

Nitamsifu kabla ya kumlaumu. Alikuwa na jicho. Wengi wanaojaribu ufundi huu hulemaza picha kwa madoa na vumbi hadi ikaonekana imefukuliwa kaburini. Yeye alijua kuacha.

Ndipo akaja mama mmoja wa jirani. Baba yake, ambaye nyumbani waliitana naye guka, yaani babu, alikuwa anatimiza miaka 90, na ukoo mzima ulikuwa unakuja kumshangilia.

"Kijana wangu, tunataka guka aonekane alivyokuwa ujanani. Tunayo hii moja tu, ya kipande, na hapa amekunja uso."

"Hakuna nyingine, mama? Hata ya kikundi, au ya kanisani?"

"Hakuna. Nani angempiga picha kibarua wa mkonge?"

Swali hilo la mama lina uzito kuliko alivyodhani. Ukanda huu wa Ruiru, Juja na Thika haukukosa kamera. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu madarakani Marekani, alifikia Juja katika shamba la William Northrup McMillan, na mwanawe Kermit, aliyekuwa mpiga picha wa msafara, hakuchoka kupiga. Mwaka uliofuata safari hiyo ikawa kitabu chenye picha tele. Tafuta humo mtu wa hapa mwenye jina na baba na mahali pa kwao, uone kama utachoka upesi. Wanyama waliouawa wameandikiwa maelezo marefu kuliko wabeba bunduki. Baadaye yakaja mashamba makubwa ya mkonge na kahawa, na vibarua wake wakapigwa picha pale tu serikali ilipotaka kuwatambua, kwa kipande kama hicho. Kwa hiyo mjukuu anayetamani kumwona guka akiwa amesimama wima, na koti lake, mbele ya nyumba, hana kosa hata kidogo. Kiu yake ni ya haki. Kosa ni maji aliyopewa.

Kijana aliskani ile picha ya kipande, akaanza kuihangaikia. Ilikuwa ndogo mno. Kila alipoikuza, uso uligeuka ukungu. Akajaribu hiki, akajaribu kile, na kila jaribio akalihifadhi kwa jina lilelile la faili. Skani safi ikafa hapo, bila mtu kugundua. Akamrudishia mama kipande chake.

Kisha akapata wazo lingine. Mjukuu wa mzee, mwanafunzi wa chuo, alikuwa amemrithi guka sura: paji la uso lilelile, masikio yaleyale. Wakamvika koti la kuazima na kofia, wakamsimamisha mbele ya nyumba ya zamani ya mawe iliyoko pembeni mwa shamba, karibu na mpaka wa jirani. Kijana akampiga kwa simu, akapandisha matabaka yake yote, akaizungushia picha ukingo mweupe wenye mawimbi kama zilivyokuwa picha nyingi za miaka ya 1950. Chini, kwa mwandiko wa kalamu, akaandika 1958.

Kwa nini 1958? Kwa sababu ilipendeza.

Siku ya sherehe picha ilifunuliwa ukumbini, watu wakapiga vigelegele. Mzee mwenyewe, macho yake yakiwa yamefifia, aliambiwa huyo ni yeye, akatabasamu. Waliojua ukweli walikuwa wanne: mama, mjukuu, kijana na aliyeazimisha koti. Hakuna aliyenuia kudanganya. Ilikuwa zawadi. Kijana akabana matabaka yote yakawa faili moja ya JPEG, akaituma kwa WhatsApp, na kwa kuwa kompyuta ilikuwa imejaa akafuta faili kubwa iliyokuwa na matabaka yaliyotengana. Kwa kufuta huko aliharibu ushahidi pekee ulioonyesha picha ilijengwaje. Kabla ya hapo, yeye aliyeijenga angeweza kuifumua. Kila mwingine, tangu saa ile, aliona karatasi moja kuukuu.

Mzee akafariki miezi michache baadaye. Kitabu cha mazishi kikapangwa na mpwa aliyetoka Nakuru, ambaye hakuwa ukumbini siku ya sherehe. Akaikuta picha kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo, akaiweka ukurasa wa kwanza, na chini yake akaandika kwa nia njema kabisa: "Mzee wetu mwaka 1958, mbele ya nyumba yake, Murera." Hapo picha ikapata maelezo. Na watu huamini maelezo kuliko macho yao. Picha isiyo na maneno humfanya mtu aulize, picha yenye maneno humnyamazisha.

Mwaka haukuisha kabla ya mzozo wa mpaka. Ule ukanda mwembamba wenye nyumba ya mawe ulikuwa na maneno tangu zamani, na bei ya ardhi huku, tangu Thika Road ilipopanuliwa ikakamilika mwaka 2012, imewafanya hata ndugu wa damu wapimane kwa kamba. Familia ya marehemu ilikuwa na hoja nzuri. Walikuwa na risiti ya hisa ya kampuni ya kununua ardhi, ya miaka ya 1970, yenye muhuri na jina la mzee. Risiti hiyo peke yake ingetosha kuanzia mazungumzo. Lakini mwana mmoja wa marehemu, aliyekuwa na haraka ya kushinda, akasema risiti haivutii macho kama picha. Wakabeba picha kubwa, ikiwa ndani ya fremu, hadi kwa chifu, mbele ya wazee.

Jirani naye alikuja na picha. Ilikuwa ya baba yake, kando ya mti wa mugumo, kahawia, imechakaa, imeandikwa 1961.

Wa kwanza kutilia shaka alikuwa cucu mmoja, yaani bibi, mwenye umri unaokaribia wa marehemu. Aliitazama fremu kwa muda, akauliza: "Hii ni nyumba ya nani?"

"Ya guka, cucu. Mwaka 1958."

"Mwaka 1958 guka wenu alikuwa na nyumba ya mawe?" Akacheka. "Sisi tulilala kwenye laini za shamba, tunahesabiwa jioni na asubuhi. Wenzetu wa rizavu walikuwa vijijini, handaki limewazunguka. Mzungu gani alimpa nyumba?"

Cucu alisema historia kamili bila kitabu. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952 na haikuondolewa hadi Januari 1960. Kuanzia 1954 zaidi ya watu milioni moja, wengi wao Wakikuyu, walikusanywa kwa nguvu katika vijiji vilivyolindwa. Na mashamba ya ukanda huu yalikuwa ya walowezi. Mwafrika alikaa humo kama kibarua, na makao yake yalikuwa ya mwajiri. Kijana wa miaka 20 na kitu kusimama kwa madaha mbele ya nyumba yake ya mawe, akiwa na koti, kofia na mpiga picha, mwaka huo, mahali hapo, ni jambo ambalo tarehe yenyewe inalikana. Kama kijana wetu angemuuliza cucu huyu swali moja kabla ya kuandika 1958, asingeiandika. Lakini nani huuliza wazee siku hizi, wakati mtandao una mikwaruzo ya bure?

Wengine walitaka kumnyamazisha. Mzee mmoja akasema cucu amesahau, picha haiwezi kusahau. Pengine hoja ingeishia hapo, kama msichana wa kidato cha tatu, aliyemsindikiza cucu kwa sababu ya magoti yake, asingeinama kati ya zile picha mbili zilizokuwa zimelazwa mezani.

"Mikwaruzo ni sawa," akasema.

Wakamuuliza anamaanisha nini. Akaweka kidole juu kushoto mwa picha ya kwanza, akafuata mkwaruzo hadi unapogawanyika, hadi kwenye kidoa. Akahamia picha ya pili, akafanya vivyo hivyo. Mwanzo ule ule, mgawanyiko ule ule, kidoa kile kile. Picha mbili za familia mbili zisizohusiana, zilizopishana miaka mitatu, zimekwaruzika kwa namna moja. Jirani pia alikuwa mteja wa kibanda kile.

Ulimwengu mkubwa umeumbuliwa kwa njia hiyo hiyo. Agosti 2006, wakati wa vita vya Lebanon, shirika la habari la Reuters lilisambaza picha ya moshi juu ya Beirut iliyopigwa na Adnan Hajj. Watazamaji makini wakaona mawingu ya moshi yanajirudia, umbo lilelile likipandwa juu ya jingine, kwa sababu mpiga picha alikuwa amenakili kipande na kukibandika ili moshi uwe mzito. Reuters ikaachana naye, ikaondoa kwenye hifadhi yake picha zake zote, 920. Sina shaka kwamba nyingi kati ya hizo zilikuwa za kweli, lakini nani sasa angezipembua?

Hilo ndilo lililoipata familia ya Murera. Wazee walipokataa picha, waliikataa na risiti. Mmoja wao alisema waziwazi: waliotuletea picha ya kupika watashindwaje kupika karatasi? Risiti ya kweli, yenye muhuri wa kweli, ikarudishwa mfukoni, na madai yakaambiwa yaende mahakamani yakaanze upya. Mwana wa marehemu akatafuta wakili, na wakili akamweleza mambo mawili ambayo yangepaswa kubandikwa katika kila kibanda cha saiba nchini.

La kwanza ni Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018. Kifungu cha 25 kinamhusu anayebadilisha data ya kompyuta kwa makusudi ili ichukuliwe kuwa halisi katika mambo ya kisheria. Adhabu yake ni faini ya hadi shilingi milioni 10, au kifungo cha hadi miaka mitano, au vyote viwili. Na akifanya kwa nia ya kujipatia faida kwa hila, adhabu huongezeka. Kijana wetu, alipokuwa akitengeneza zawadi, hakuwa na nia hiyo. Lakini mwana wa marehemu, aliyejua picha ilivyotengenezwa (mama alikuwa amemweleza) na bado akaibeba kwa chifu, alikuwa amekanyaga ukingo wa shimo. La pili ni kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachotaka ushahidi wa kielektroniki uambatane na cheti kinachoeleza ulivyopatikana na chombo kilichotumika. Hakuna mtu angeweza kutia sahihi cheti hicho bila kusema ukweli wote.

Kuna hasara nyingine ambayo haina kesi. Baada ya picha kubwa kutundikwa, hakuna aliyekumbuka kipande kidogo. Kilitoka mkononi mwa mama, kikaingia kwenye bahasha, bahasha ikaingia kwenye pilikapilika za mazishi. Walipokitafuta hawakukiona. Wakaenda kwa kijana kuomba skani. Akafungua faili, akakuta majaribio yake. Kwa hiyo guka sasa ana picha moja ya ujana, na ndani yake kuna mjukuu.

Nisieleweke vibaya. Sina ugomvi na kuzeesha picha. Pwani yetu ina urithi mzuri wa kucheza na picha. Omar Said Bakor wa Lamu, aliyejifundisha mwenyewe, aliunganisha vipande vya picha tofauti studioni kwake hadi mteja akaonekana mahali ambapo mwanadamu hawezi kuwa, na hiyo ilikuwa kabla ya kompyuta kuingia studio yoyote ya mtaani. Wapiga picha wa kivuko cha Likoni walipamba vibanda vyao kwa mandhari za kuchora, mteja akasimama mbele ya dunia asiyoifikia. Hakuna aliyedanganyika. Mchezo ulijionyesha wenyewe kuwa ni mchezo, na mteja alilipia mchezo. Maharusi wa Juja wanaotaka albamu ya rangi ya kahawia, wapewe. Mwanamuziki anayetaka jalada lenye sura ya miaka ya 1970, apewe hata mikwaruzo kumi. Shida huanza pale ufundi unapojificha, na hasa pale tarehe inapoandikwa.

Tena, wengi wanaozeesha picha hawajui picha huzeeka vipi. Ile rangi ya kahawia inayodhaniwa kuwa alama ya uchakavu mara nyingi ilikuwa dawa: mafundi wa zamani waliiogesha picha kwenye kemikali iliyogeuza fedha ya karatasi kuwa salfidi ya fedha, ambayo hustahimili miaka mingi zaidi. Picha ya kawaida ya nyeusi na nyeupe ya studio ya mwaka 1958, ikitunzwa vizuri, leo bado ni nyeusi na nyeupe. Ikichoka hugeuka manjano kwa mabaki ya kemikali za kuisafishia, au kingo zake hung'aa rangi ya fedha ukiiinamisha kwenye mwanga. Picha za rangi za miaka ya 1970 ndizo huwa nyekundunyekundu, kwa sababu rangi ya samawati hufifia mapema hata zikiwa gizani. Kwa jicho la anayejua, picha ya kijana wetu ilikuwa imejishtaki kabla ya cucu kufungua kinywa.

Alichofanya baadaye kinastahili kutajwa. Hakuhama Murera. Kila kazi ya kuzeesha anayoifanya sasa ina neno "imetengenezwa" pamoja na mwaka wa kweli, limeandikwa kwenye ukingo wa picha yenyewe, mahali ambapo halikatiki bila kuonekana. Hategemei taarifa zilizofichwa ndani ya faili, maana WhatsApp huzifuta picha inapotumwa kwa njia ya kawaida. Faili yenye matabaka haifuti. Skani ya kwanza huihifadhi kwa jina lake, kwa umbo la TIFF, nukta 600 kwa inchi au zaidi, na kila jaribio hulifanya kwenye nakala. Mteja akimwomba aandike mwaka wa zamani, humwambia aende akaandike mwenyewe. Wengine hukasirika wakaenda kibanda cha pili.

Nawe ukiwa na kipande cha babu au bibi kabatini, kipeleke kikaskaniwe wiki hii. Mwenye saiba akikuuliza kama akipambe, mwambie asiguse kitu. Weka nakala mbili mahali pawili, na nyuma ya ile ya karatasi andika kwa penseli laini jina la aliyepigwa, mahali, na jina la aliyekueleza hayo.